Ishirini na Tatu Nukta Tatu

Simu iliita, ikakatika, ikaita tena papo hapo, na Inspekta akajua ni Afande Kijana. Hakuna mwingine aliyekuwa na tabia hiyo.

"Mzee, yule mwanamke yuko tayari?"

"Mwanamke yupi?"

"Mzee wangu, usinichoshe asubuhi yote hii. Kituo kina wataalamu wawili. Mmoja amekufa jana, aliyebaki ndiye aliyechezea ubao. Sasa hivi yeye ndiye mkuu wa kituo. Boti inaondoka saa tisa alasiri, nataka awe ndani yake, na pingu mkononi."

"Nipe mpaka saa nane."

"Ya nini? Kesi iko wazi."

"Basi haitakimbia," alisema Inspekta, akawahi kukata yeye. Ilikuwa raha ndogo, lakini siku hizi hakuwa na nyingine.

Miaka tisa iliyopita Afande Kijana ndiye aliyekuwa akimwuliza maelezo ya shahidi huanzia wapi. Sasa ana nyota begani na ofisi yenye zulia, na Inspekta ana magoti mabovu na kisiwa kizima cha mawe meusi. Roho ilimuuma. Ilimuuma kila alipoona saini ya yule bwana mdogo chini ya barua, na hakuwa na haja ya kujidanganya kwamba ilikuwa kitu kingine zaidi ya wivu.

Akaurudia ubao.

Kituo cha utafiti kilikuwa nyumba ya matofali iliyojengwa juu ya jabali, hatua mia mbili kutoka ukingoni. Chumba cha mbele kilijaa mawe yaliyopangwa kwenye masinia, kila jiwe na kipande chake cha karatasi. Ukutani palikuwa na misumari miwili ya kutundikia kofia ngumu, na kando yake ubao mweusi. Juu ya ubao maneno yalikuwa yameandikwa kwa rangi isiyofutika: UFA WA TAO, MILIMITA. Chini yake: IKIZIDI 25 MTU ASISHUKE. Halafu, kwa chaki, namba ya jana: 23.3.

Marehemu alikuwa mpima miamba, na kisiwa kizima kilimwita Nyundo, kwa kuwa nyundo yake ya kupasulia mawe ilining'inia kiunoni hata alipokwenda harusini kwa watu. Jana saa kumi na mbili asubuhi aliupima ufa kama kawaida. Saa mbili na nusu tao la mawe lilimwangukia. Inspekta aliuona mwili zahanati. Kichwani hakukuwa na kofia. Kiunoni hakukuwa na nyundo. Mguu mmoja ulikuwa na kandambili, mwingine haukuwa na kitu. Ndani ya mfuko wa shati kulikuwa na daftari, na ukurasa wa jana ulikuwa na namba tatu za penseli, iliyo kubwa imepigiwa mistari miwili chini: 28.0.

Kwa hiyo Nyundo alijua tao linaanguka. Daftari lilisema ishirini na nane, ubao ukasema ishirini na tatu. Inspekta akafungua dirisha, akapiga magoti kwa kunung'unika, akautazama ubao kwa upande, mwanga ukija kutoka ubavuni. Mbili ya kwanza ilikuwa imeandikwa kwa mkono mzito, chaki imekandamizwa. Tatu iliyofuata ilikuwa na kivuli upande wa kushoto. Ilikuwa nane. Mtu alifuta nusu yake kwa kidole. Na tatu ya mwisho, ile iliyo baada ya nukta, iliandikwa upya kabisa, kwa mkono mwepesi.

Akapiga picha, akatoka kumtafuta mwanamke wa boti ya saa tisa.

*

Alimkuta amekaa ukingoni mwa jabali, miguu inaning'inia. Mtaalamu wa pili wa kituo alikuwa mwanamke mfupi, mkakamavu, ambaye watu walimpa jina la Kokoto siku ya kwanza aliposhuka botini, wakicheka kwamba Nyundo na Kokoto lazima watagongana. Waligongana kweli. Kisiwa kizima kiliwasikia juzi jioni.

"Mligombania nini?" aliuliza Inspekta. Alikaa hatua tatu nyuma yake, mahali ambapo magoti yake yalijisikia salama.

"Umeona kile kilima nyuma ya kituo? Kule juu, mita arobaini kutoka baharini, kuna tabaka la makombe ya chaza. Niliyakuta mimi. Chaza hawapandi milima, mzee. Maana yake pale palikuwa ufukweni. Kisiwa hiki kinasukumwa juu kutoka chini, kidogo kidogo, mpaka leo. Ndio ugunduzi mkubwa kuliko yote tuliyowahi kufanya hapa. Juzi nikaona ameandika makala, jina lake juu, langu chini."

"Ukamwonea wivu."

"Andika. Andika kwa herufi kubwa. Kila mkutano anaalikwa yeye. Kila mgeni anasalimiwa na yeye. Miaka sita nampandia majabali, halafu mimi ni 'na wenzake'. Nilimwonea wivu mpaka usingizi ukanikimbia."

Inspekta aliandika. Mkono wake haukupata tabu na maneno hayo.

"Na sasa kituo ni chako."

"Cha kupima ufa gani?" Alinyoosha mkono mbele. "Tazama mwenyewe."

Inspekta alijongea, akatazama. Chini yao jabali lilikuwa limekatika. Mawe meusi makubwa kama magunia yalilala majini na mawimbi yalikuwa yakiyapanda na kushuka. Ng'ambo, peke yake katikati ya maji, ulisimama mguu mmoja wa tao, mrefu, hauna cha kushika.

"Eleza kama unaeleza mtoto wa darasa la nne," alisema. "Kwa nini lilianguka?"

"Kisiwa kilitoka chini ya bahari kama uji unaofurika sufuriani. Kwanza volkano ikatema majivu, halafu juu ya majivu ikamwaga lava. Lava ikipoa inakuwa ngumu, ndiyo hii tumekalia. Majivu yanabaki laini. Bahari haina shida na kigumu, inakula kilicho laini chini yake. Inachimba pango upande huu, pango upande ule, siku moja mapango yanakutana. Hapo una tao. Watu wanapiga picha. Lakini bahari bado inakula, na tao linapasuka kwa juu, na siku moja linakwenda. Kinachobaki ni nguzo, kama ile. Ile nyingine kule mbali, unaiona? Nayo ilikuwa mguu wa tao, kabla babu wa babu zetu hawajazaliwa."

"Na ufa mliupimaje?"

Alimwonyesha vigingi vitatu vya chuma vilivyopigiliwa kwenye mwamba, karibu na ukingo mpya. Kila kigingi kilikuwa na mwenzake ng'ambo ya ufa. Wenzake hao sasa walikuwa baharini. Kila alfajiri, kabla jua halijaupasha mwamba moto, walipima kwa rula umbali wa kila jozi. Namba kubwa kuliko zote ndiyo iliyokwenda ubaoni.

"Zamu ya jana ilikuwa yake. Mimi Alhamisi huwa nashuka, maji yakiwa yametoka, kuchukua majivu chini ya tao. Nilifika kituoni saa mbili. Hakuwepo. Nikatazama ubao, nikachukua kofia yangu, nikashuka. Nikapita chini ya tao mpaka upande wa pili, kwenye nguzo. Nilitolewa kwa mtumbwi, mfuko wangu wa sampuli bado uko kule."

"Nimeuona kwa darubini," alisema Inspekta. Alikuwa ameuona saa moja asubuhi, mwekundu, umekwama juu ya mwamba ng'ambo ya maporomoko. Huo ulikuwa umemkaa kooni tangu asubuhi. Mwanamke anayejua ufa umefika ishirini na nane, akaubadilisha ubao yeye mwenyewe, halafu akapita chini ya tao? Afande Kijana angepata la kusema, bila shaka. Kwenye zulia watu hupata ya kusema.

"Una rula hiyo?"

Aliitoa kwenye mfuko wa suruali, rula ya chuma iliyochubuka. Inspekta akaigeuza mkononi, akamrudishia.

"Nionyeshe ishirini na tatu nukta tatu."

Kokoto aliweka ukucha kwenye ishirini na tatu. Akausogeza. Ukasimama. Akainua uso, macho yamemtoka.

"Haipo."

"Kwa nini?"

"Rula hii mistari yake ya mwisho ni nusu milimita. Tunasoma nukta sifuri au nukta tano. Hatujawahi kuandika nukta tatu, hata siku moja!"

"Lakini uliiona ubaoni."

"Niliona ishirini na tatu. Nilikuwa nimemkasirikia, sikutaka hata kuutazama mwandiko wake. Juzi ilikuwa ishirini na tatu, jana ishirini na tatu na kitu, nikajua hakijabadilika kitu." Alishika kichwa. "Mtoto wa mwaka wa kwanza chuoni angeona."

Inspekta alikuwa na daftari la marehemu. Alilifungua mbele yake, wakapekua pamoja, miezi saba ya asubuhi. Sifuri, tano, sifuri, sifuri, tano. Nukta tatu haikuwepo hata moja.

"Basi nukta tatu hukaa wapi?" aliuliza. "Maana mtu hawezi kuizua tu kichwani. Aliyeandika aliona ni namba ya kawaida."

"Kwenye ripoti ya mwezi. Makao makuu hawataki namba tatu, wanataka moja. Tunajumlisha jozi zote tatu, tunagawanya kwa tatu. Hapo ndipo zinapotoka hizo, nukta tatu, nukta saba, nukta nane."

"Nani anafanya hesabu hiyo?"

Kokoto alilifunga daftari. Akageukia bahari.

"Mzee, mimi sijasema kitu."

"Hujasema. Na mimi sijasikia. Ila niambie jambo moja. Watu wanasema wewe na marehemu mlikuwa na lenu."

Alicheka, kicheko kikavu, cha mtu aliyechoka. "Nyundo? Nyundo alikuwa akila huku anasoma, hajui kama ni wali au viazi. Namwita kaka, mkewe namwita wifi. Wifi haitikii."

"Jana ulimsikia marehemu?"

Aliirudisha rula mfukoni.

"Nilimsikia anaita. Mara tatu, nne. Maneno yalipotea kwenye upepo. Nilidhani amekuja tuendelee na ugomvi wetu, nikakaa kimya nyuma ya nguzo. Nikasema acha aite."

Inspekta angeweza kuliacha hapo. Lakini alikuwa mtu wa kumaliza maelezo, na maelezo haya yalihitaji mwisho.

"Kofia yako haikuwepo msumarini. Ubao ulikuwa umebadilishwa. Alikuja kituoni kwa kandambili, hajavaa mabuti wala kofia, nyundo ameiacha mezani mle mle. Akaona vyote viwili. Alijua uko chini, na alijua ni ishirini na nane. Hakuja kugombana."

Kokoto aliinama, akafunika uso kwa viganja, akalia kwa sauti, pale ukingoni. Inspekta alimshika bega asije akaanguka. Kokoto angemwitikia mara moja tu, Nyundo asingesimama pale akiita. Wote wawili walilijua hilo, na hakuna aliyelisema.

*

Nyumba ya marehemu ilikuwa ng'ambo ya ua, hatua thelathini. Mkewe ndiye aliyekuwa karani wa kituo, na ofisi ilikuwa chumba cha nyuma cha nyumba hiyohiyo, na meza, kompyuta, na kabati la faili lililopangwa hata Inspekta akaona haya kukumbuka lake. Tangu jana mwanamke huyu alikuwa amekataa kwenda zahanati kuuona mwili. Alikuwa amesimama mezani, anakunja mashati ya mumewe moja baada ya jingine.

"Pole sana, mama."

"Nimeshapoa. Umemkamata?"

"Nani?"

"Inspekta, kisiwa hiki kina watu wangapi? Huyo huyo. Anayeniita wifi. Mimi na yeye tumekuwa mawifi lini? Nani alimwoa kwetu?"

"Nataka kuona ripoti ya mwezi uliopita."

Aliitoa bila kutafuta. Mkono ulikwenda moja kwa moja kwenye faili. Kurasa sita, safi, kila siku na namba yake: 21.3, 21.7, 22.2.

"Kazi nzuri hii. Wastani unaupigaje?"

"Napewa jozi tatu, najumlisha, nagawanya kwa tatu. Nasogeza kwenye desimali moja." Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipata uhai. "Mume wangu hakuweza hiyo. Alikuwa akikosea, nikamwambia niachie mimi. Miaka kumi na minne sijarudishiwa ripoti hata moja."

"Na kule ubaoni huwa unaandika?"

"Ubao ni wao. Mimi nina kazi gani na ubao?"

Inspekta aliweka simu mezani, picha ya ubao imejaa kiooni.

"Nani aliandika hii?"

"Mume wangu."

"Mume wako aliandika ishirini na nane nukta sifuri. Daftari lake ninalo."

"Basi ni yeye. Huyo mwanamke."

"Yeye hajui nukta tatu iko wapi. Hata mumeo hakuijua. Rula yao inaishia nusu. Kwenye kisiwa hiki, mama, kuna mtu mmoja tu ambaye ufa ule kwake una nukta tatu."

Shati lililokuwa mkononi lilikunjwa, likakunjuliwa, likakunjwa tena. Nje boti ilipiga honi ya kwanza, ya kuwaita wapakia mizigo. Ilikuwa saa saba na nusu.

"Ungeiacha sifuri," alisema Inspekta taratibu, "ningekosa pa kushika. Ishirini na tatu nukta sifuri. Kwa nini hukuiacha?"

"Ilikuwa inaonekana ya uongo," alisema yule mwanamke. Alisema kama anavyosahihisha kosa la chapa. Kisha akasikia alichosema, akakaa chini.

Inspekta alivuta kiti, akatoa karatasi. Hakumharakisha.

"Miaka sita," alisema mjane. "Miaka sita nachapa. Tulipima. Tulipanda. Tulikuta. Tulilala kwenye hema siku mbili upande wa kaskazini. Mimi ndiye ninayechapa, na katika hao 'sisi' mimi simo. Akirudi nyumbani, mezani, ni yeye tu. Kokoto kasema hivi, Kokoto kakuta makombe. Hata walipogombana juzi alirudi ameng'aa macho. Mimi tukigombana anasinzia!"

"Kwa hiyo jana..."

"Jana alitoka kupima, akarudi, akasema ufa umefika ishirini na nane, ameandika. Akavua mabuti. Nikamwekea chai. Nikasema nakwenda kituoni, chumba cha mbele, kuchukua karatasi. Ilikuwa Alhamisi. Nilijua nani anashuka Alhamisi."

"Ulitaka kumtisha?"

"Nilitaka tao limwangukie. Sina sababu ya kukudanganya." Alimtazama machoni. "Nikarudi, alikuwa amemaliza kikombe. Nikamwuliza kama anataka kingine, ili akae. Akasema ndiyo. Nikafurahi. Nikasema leo amekaa na mimi."

Inspekta aliandika sentensi hiyo kama ilivyo. Simu yake iliita, ikakatika, ikaita. Akapokea akiwa bado na kalamu mkononi.

"Vipi, mzee? Mko njiani?"

"Nakuletea mtu. Siye uliyemtaka."

Kukawa kimya huko kwenye zulia. Tangu asubuhi Inspekta alikuwa ameusubiri ukimya huo, ameandaa na maneno mawili matatu ya kuuongezea. Sasa aliutafuta utamu wake hakuupata. Akamwambia Afande Kijana atapata maelezo jioni, na simu akaizima kabisa.

Mwanamke alikuwa akimwangalia.

"Alifikaje kule chini?" aliuliza. "Aliniambia anakwenda kuifuata nyundo yake. Nilidhani alichelewa tu njiani, akapita chini bila kuangalia. Alikuwa anatembea?"

"Alikimbia."

"Na mabuti yake yako mlangoni."

"Alikimbia na kandambili."

Alitikisa kichwa polepole, na usoni mwake kukapita kitu ambacho Inspekta, katika miaka yote ya kazi, hakupenda kukiona tena. Ilikuwa karibu na ushindi.

"Unaona sasa? Mwanamume anakimbia hivyo kwa mtu asiyempenda?"

"Angenikimbilia hata mimi, mama. Alijua jabali linaanguka na kuna mtu chini. Hawakuwa na kitu. Nimeuliza, nimepekua barua, nimeuliza watu wa boti. Hakuna."

"Sema kilikuwepo."

"Siwezi."

"Nakuomba, Inspekta. Niambie tu walikuwa wapenzi. Andika au usiandike, lakini niambie."

"Hawakuwa wapenzi."

Mwanamke alivuta kalamu. Akasaini karatasi zote nne, saini nzuri, ya karani, kila moja mahali pake. Akanyanyuka, akatafuta kanga, akazima kompyuta. Honi ya pili ikapigwa. Mlangoni akasimama, mkono kwenye kitasa.

"Wanamzika lini?"

"Kesho saa nne."

"Mimi sitakuwepo."

"Hapana."

"Na yeye?"

Inspekta angeweza kusema hajui. Lakini alikuwa amemwacha Kokoto ukingoni, na Kokoto alikuwa amemwomba jambo moja tu, ruhusa ya kuhudhuria.

"Yeye atakuwepo," alisema.

Mjane wa Nyundo aliegemea ukuta, akajifunika kanga usoni, na tangu mumewe afe hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kulia.